Kiuno cha Kuazimwa

Maziwa yalipoumuka na kuanza kumwagikia motoni, Lusungu aligeuka. Aligeuka kwa haraka, shingo ikatangulia na mabega yakafuata, kama mtu yeyote anayewahi maziwa yasiishie kwenye majivu. Akanyakua sufuria kwa upindo wa khanga, akaitua chini, akapuliza vidole, na hapo ndipo alipokumbuka. Mkono wake ukapanda polepole mpaka kwenye kola nyeupe ya wagonjwa wa shingo iliyomkaa shingoni.

"Aaa, shingo yangu mie," akasema.

Mama yake, Bi Tamali, alikuwa kwenye kigoda akichambua maharage. Alipoona binti yake anageuka vile, aliuma meno na kufumba macho, akangoja. Ndivyo mambo yalivyopaswa kuwa: ageuke Lusungu, aumie Bi Tamali. Akangoja. Akafumbua jicho moja. Akaipeleka shingo yake kushoto, akaipeleka kulia. Kimya. Hata kule kiunoni alikozoea kupigwa, kulikuwa kumetulia tuli.

"Pole, mama. Nimekuumiza?"

"Kidogo," akajibu Bi Tamali, akarudia maharage yake.

Hakujua kwa nini amesema uongo. Alijua tu kwamba hataki binti yake aone anachokifikiri.

Chini ya gauni lake, Bi Tamali alikuwa amefungwa mkanda wa kubebea, mweusi, mwembamba, wenye kijitaa kidogo cha kijani ubavuni. Kutoka kiunoni utepe mmoja ulipanda na uti wa mgongo mpaka kisogoni. Mikanda hiyo huzaliwa miwili miwili kama mapacha. Mmoja huvaa aliyeumia, wa pili huvaa anayembebea. Habari zake zilikuwa zimeelezwa redioni mpaka watoto wakazikariri. Gari likigongwa kwa nyuma, kichwa cha aliyekaa ndani hurushwa nyuma kisha mbele, na kiuno nacho hupata cha kwake. Misuli inashtuka, inajikaza ili kuzilinda pingili, na kule kujikaza ndiko kunakogeuka ugonjwa. Mtu anaumia, anajikaza. Amejikaza, anaumia zaidi. Ukipiga picha huoni kitu. Zamani watu walibaki na shingo za ubao maisha yao yote, na majirani wakisema wanajifanya. Siku hizi mkanda unayachota maumivu na kumpelekea mtu mwingine, na misuli ya mgonjwa ikiona kumetulia, inajiachia, inapona. Jeraha halihami. Yanayohama ni maumivu peke yake, na anayebeba hadhuriki. Ndivyo wanavyosema. Bi Tamali alikuwa amewaona waliobeba, wakavua, wakaenda zao kulima viazi, lakini alikuwa amewaona pia wakijishika viuno wanapodhani hawatazamwi.

Masharti yalikuwa mawili tu. Mikanda haiwezi kuvuka kilima, kwa hiyo mbebaji na mbebwa wakae karibu. Na mbebaji awe amekubali kwa kinywa chake.

Yeye alikubali kwa simu. Lusungu alipiga huku analia. "Mama, ajali! Lori lisilo na dereva limepiga gari kwa nyuma pale mteremkoni. Utabeba?"

"Swali gani hilo? Nitabeba, mwanangu! Nabeba!"

Nyuma ya simu sauti ya muuguzi ikasema, "Inatosha, imeingia." Kesho yake kindege cha zahanati kisicho na rubani kikamdondoshea mkanda uani, kuku wakatimka, naye akafungasha khanga mbili na gauni la kubadili akapanda huku milimani kwa binti yake.

Lusungu alimimina maziwa kwenye vikombe, akaketi juu ya gunia la viazi. Akanywa funda, akatulia, mikono yote miwili imekizunguka kikombe kwa ajili ya baridi. Hata kope hazikutikisika.

Hapo ndipo yalipokuja.

Yalianzia juu ya nyonga ya kulia, yakapanda na mbavu, yakajikunja chini ya bega, yakaachia. Kabla Bi Tamali hajavuta pumzi, yakarudi. Nyonga, mbavu, bega, yakaachia. Tena. Tena. Kama kuna mtu anasukuma kitu, anavuta nyuma, anasukuma. Ungo wa maharage ukamtoka mapajani.

"Mama!"

"Umefanya nini?" akauliza Bi Tamali huku amejikunja. "Umefanya nini saa hii?"

"Mimi? Mimi nimekaa tu."

"Naona umekaa."

Na kitu kimoja zaidi alikiona. Alipopiga kelele, Lusungu hakumtazama yeye kwanza. Alitazama mlangoni, kule upande wa kichaka cha mianzi.

* * *

Tangu pale Bi Tamali akaanza kumchunguza binti yake kama mtu anavyolichunguza yai kwenye mwanga.

Alianza na maji ya moto. Mtu aliyeumia kiuno hukandwa, hilo halina mjadala, mkanda uwepo usiwepo. Akachemsha maji, akatia majani ya mkaratusi, akaja na kitambaa mkononi.

"Vua nikukande."

"Hapana, mama. Muuguzi kakataza. Maji yataharibu mkanda."

"Wangu nimeoga nao jana."

"Wa mgonjwa ni tofauti."

"Basi nionyeshe tu ulivyofungwa, nisije nikawa nimefunga wangu kichwa chini miguu juu."

Lusungu akacheka, kicheko cha haraka, akasema kuku wanaingia kwenye mahindi. Akatoka mbio. Mbio kabisa! Bi Tamali akabaki na kitambaa kinamdondokea miguuni, na kiunoni mwake hakuna hata chembe ya maumivu ya huyo anayekimbia.

Kisha akaanza kuangalia hotipoti. Kila mchana Lusungu alijaza ugali na mboga kwenye hotipoti ya bluu, akaifunika kwa kitenge, akashika njia ya mianzini.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa Mama Yulita. Anaumwa miguu, masikini."

Mama Yulita alikuwa jirani. Siku hiyohiyo alipita na tenga la kabeji kichwani, miguu yake miwili ikimeza njia kama miguu ya msichana.

"Kamwene, dada!" akasalimia kutoka barabarani. "Na hiyo mikanda yenu inasemaje?"

"Kamwene. Inasema pole pole. Miguu imepona?"

"Miguu ipi?"

"Nilisikia unaumwa."

"Nani kaniombea mabaya hayo? Mimi miguu hii nitazikwa nayo mizima." Mama Yulita akaitua kabeji moja ukutani kama zawadi, akainama karibu. "Lakini nikuambie, dada. Mimi hizo mashine siziamini. Unajuaje wanachokupitishia ndicho ulichokubali? Maumivu hayana jina mgongoni."

"Usinitie wasiwasi."

"Nakutia? Sura yako inasema ulikuwa nao tayari."

Jioni ile Bi Tamali alimuuliza binti yake, kwa sauti ya kupita tu, "Na mwenyewe wako huko Tunduma, hapigi simu?"

Mwenyewe ndiye mume wa Lusungu, seremala. Bi Tamali hakuwahi kulitaja jina lake, na wala hakutarajia. Mila ya huko kwao haikuwa na mzaha kwenye jambo hilo: mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawakai chini ya dari moja, hawatajani. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka porini, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wanasikiana. Bi Tamali alikuwa ameuona uso wa mkwewe mara chache sana, na mara zote kwa mbali. Aliposikia kwamba yuko safarini Tunduma kwa kazi ya madirisha ya shule, alishukuru kimoyomoyo, maana vinginevyo asingeweza kulala hapa.

"Mtandao wa huko mbaya," akasema Lusungu.

"Tunduma? Mpakani pale? Mtandao mbaya?"

"Mama, kula."

Bi Tamali akamega tonge. Hesabu yake ilikuwa imekwisha kufungwa, na jibu lake lilikuwa chungu. Kuna mtu anafichwa. Ana maumivu ya ajali. Analishwa ugali kwa siri. Anaumia sana anaposukuma kitu na kukivuta, na mume wa Lusungu yuko mbali, hapigi simu. Kwa hiyo, kwenye gari lile lililogongwa mteremkoni alikuwemo mwanamume. Mwanamume gani? Na yeye, mtu mzima wa kanisani, ndiye aliyefungiwa kiunoni maumivu ya hawara wa binti yake!

Usingizi ukamkimbia. Alimtazama Lusungu upande wa pili wa chumba, amelala kifudifudi, shingo kaikunja upande kama mtoto, kola kaivua kaiweka juu ya kiti.

* * *

Asubuhi ukungu ulipoanza kuinuka, Lusungu alikwenda kisimani. Bi Tamali alikuwa anafagia uani yalipomshika tena. Nyonga, mbavu, bega, yakaachia. Akajishikiza kwenye mti wa kuanikia. Nyonga, mbavu, bega. Na safari hii, kwa sababu ukungu ulikuwa umenyamazisha ndege na kuku, alisikia na kitu kingine. Kutoka ng'ambo ya mianzi ulikuja mlio mrefu, mkavu, *shwaaa*. Kisha kimya kifupi. *Shwaaa.*

Kila mlio ulipoanza, kiuno chake kiliwaka. Mlio ulipokoma, kikapoa.

Akauweka ufagio chini.

Alitembea kwa vipande vipande. Ukija mlio anasimama, ameshika mwanzi, anapumua kwa mdomo. Ukikoma anaongeza hatua. Vikombe vya kugemea ulanzi, pombe ya mianzi, vilining'inia juu ya kichwa chake, vingine vikimdondoshea matone kwenye kilemba, naye hakujali. Kila alivyokaribia ndivyo alivyozidi kuwa na uhakika, na ndivyo alivyozidi kutotaka. Mara mbili aligeuka nyuma. Mara mbili kiuno kikamgeuza tena mbele. Akili yake ilikuwa ikimtungia maneno ya kumwambia huyo mwanamume. Yalikuwa maneno ambayo hajawahi kuyatumia tangu aolewe, na alishangaa kuona bado anayo mengi hivyo.

Nyuma ya mianzi kulikuwa na banda la mabanzi. Maranda meupe yalikuwa yamemwagika mpaka mlangoni. Bi Tamali hakwenda mlangoni. Alisogea ubavuni, akaweka jicho kwenye upenyo kati ya banzi na banzi.

Aliona mgongo wa mwanamume, kifua wazi, umeinamia meza ya kazi. Mikono miwili imeshika randa. Kiunoni, mkanda mweusi pacha wa wake, na kijitaa cha kijani kinachokonyeza. Akaangalia chini kwenye ubavu wake mwenyewe. Chake kilikuwa kinakonyeza pamoja na kile, konyezo kwa konyezo.

Yule mtu hakuwa akiumia hata kidogo. Alikuwa anapiga mluzi.

Kisha akageuka kuchukua ubao mwingine, na Bi Tamali akauona upande wa uso wake.

Alikuja amejiandaa kumkuta mwanamume. Hakuwa amejiandaa kumkuta huyu. Alirudi nyuma kama aliyechomwa, akajivuta khanga mpaka usoni, akaipa mgongo banda lote na kuitazama mianzi. Mkwewe. Alikuwa amemwona mkwewe kifua wazi. Hilo lingetosha kumlaza na homa. Lakini kulikuwa na kubwa kuliko hilo: tangu afike hapa alikuwa anaishi na kiuno cha mkwewe ndani ya kiuno chake, ameamka nacho, amekula nacho, amesali nacho.

"Mama!"

Lusungu alikuwa anakuja mbio kutoka njia ya kisimani, ndoo kaitupa huko, sketi imelowa, kola hana.

"Usiniite," akasema Bi Tamali bila kugeuka. "Mwambie mwenye randa aache."

Randa ilikuwa imekwisha kuacha yenyewe.

"Mume wangu," akasema Lusungu kwa sauti ndogo kuelekea banda, "mama anasema uache."

"Nimesikia," ikajibu sauti kutoka ndani. Kitu kikaanguka. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta shati kwa haraka. "Mpe mama shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwambie pia kwamba tangu nifike huku amenipasua kiuno."

Ndani ya banda hatua za kutafuta shati zikakoma.

"Lusungu," sauti ikasema, "mama anasema nini? Mimi si ananibebea ndugu yangu Anania?"

Bi Tamali akageuka sasa. Hakumtazama mkwe, alimtazama binti yake. Lusungu alikuwa ameangalia chini, akisugua kidole gumba cha mguu kwenye maranda, vilevile alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja sahani.

"Sema," akasema Bi Tamali. "Na useme kwa sauti, na huyu naye asikie. Naona amedanganywa kama mimi."

* * *

Ilitoka vipande vipande. Lusungu hakuwemo kwenye gari. Aliyekuwemo ni mumewe, anarudi na mbao kutoka kiwandani, na lori lile la kujiendesha lilimpiga kwa nyuma likaendelea na safari yake kana kwamba limekanyaga jiwe. Alifikishwa zahanati hawezi kugeuza kichwa, kiuno kimekaza kama kamba ya mbuzi, amepewa dawa za kumlaza. Muuguzi akataka mbebaji. Mama wa mumewe alikuwa amekwisha kufa. Ndugu yake Anania alikuwa ametoka kumbebea baba yao, na sheria hairuhusu mtu kubeba mgonjwa mwingine kabla mwaka haujageuka, ingawa mumewe alipozinduka Lusungu alimwambia Anania amepata ruhusa.

"Na wewe?" akauliza Bi Tamali. "Wewe mkewe ulikuwa wapi?"

"Mashine ilinikataa."

"Imekukataaje?"

"Inakataa wenye mimba."

Bi Tamali akalitazama tumbo la binti yake. Matone ya ulanzi yakaendelea kudondoka nyuma yao.

"Na hilo nalo," akasema mwishowe, "ulitaka nilisikie kiunoni?"

"Mama, nilitaka kukuambia."

"Ulitaka. Ukampigia simu mama yako ukamlilia. Ukachukua neno langu ukalifunga kwenye mwili wa mtu ambaye hata jina lake sijawahi kulitamka. Huyu ukamwambia ni ndugu yake anabeba. Ukatuweka kila mtu upande wake wa mianzi, kwa sababu ulijua hawezi kuja nyumbani mimi nikiwepo, na mimi siwezi kuja huku yeye akiwepo. Adabu yetu umeigeuza ukuta, ukajifichia nyuma yake."

"Ningefanyaje? Ningekuuliza ungekataa!"

"Ndiyo! Ningekataa!" Sauti ya Bi Tamali ikapasuka. "Ningekataa, Lusungu. Ilikuwa haki yangu kukataa. Na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuuliza."

Ndani ya banda mbao zikasogea. "Mama," ikasema sauti ya mkwe, na safari hii haikumpitia mtu. "Nisamehe. Haki ya Mungu sikujua. Nauvua sasa hivi."

"Usivue!" Lusungu akapiga kelele.

"Mwambie asiguse," akasema Bi Tamali. "Nitavua mimi. Hiki kimeingia mwilini mwangu kwa hila, kitatoka kwa mkono wangu."

Akapitisha mkono chini ya gauni, akatafuta kishikizo ubavuni, akakibana. Mkanda ukamlegea. Kijitaa kikawa chekundu, na sauti kavu kama ya mtangazaji wa redio ikatoka kiunoni mwake: "Mbebaji amevua. Ili kubeba tena, mbebaji amtaje anayembeba kwa jina lake, na mbebwa naye amtaje mbebaji."

Wepesi ukamjia mwili mzima. Alikuwa amesahau jinsi mgongo wake mwenyewe, na uzee wake wote, ulivyokuwa mwepesi.

Ndani ya banda meza ya kazi ikagongwa kwa kishindo. Mbao zikaporomoka. Kisha ukaja mlio ambao haukuwa kilio wala neno, mlio wa mtu anayejaribu kuzuia sauti na sauti inampita. Lusungu akakimbilia ndani. Bi Tamali akasikia anamwambia, "Nishike, nishike hapa," na mwanamume akijibu kwa pumzi, "Usinisogeze. Usinisogeze."

Bi Tamali aliketi juu ya gogo, mkanda mkononi. Na hapa ndipo taabu yake ilipoanzia hasa. Wengine wakisikia mtu anaguna, husema pole, wakaendelea na safari. Yeye alijua ni wapi. Alijua ni pale juu ya nyonga ya kulia panapowaka kwanza, kwamba baada ya hapo moto unapanda mbavuni kama mchwa, na ukifika chini ya bega mtu anaona giza. Alijua kwamba ukilalia ubavu wa kushoto unapata nafuu ya kupumua mara mbili, kisha unarudi. Duniani kote watu wawili tu ndio walioujua moto ule, na wote wawili walikuwa hapa, banzi moja katikati.

Lusungu akatokeza mlangoni, uso umelowa. "Muuguzi alisema mkanda ukikatika katikati, misuli inakaza maradufu. Atapinda, mama. Seremala aliyepinda atashika randa na nini?"

"Alikuwa anaishika vizuri sana leo asubuhi. Anapiga na mluzi."

"Alikuwa hasikii kitu!"

"Ndiyo hivyo. Haumwi, akadhani amepona, akajimaliza kwa gharama yangu. Muuguzi hakusema apumzike?"

Lusungu akajifuta uso kwa kiganja. Kutoka ndani ikaja sauti ya mkwe, neno moja moja, kila neno limelipiwa.

"Mama. Usiurudishe. Hili ni jambo la aibu. Afadhali nipinde."

Basi Bi Tamali akakaa palepale na mkanda mikononi mwake, na mambo mawili ya kupima. Kuuvaa kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ili uwake ilimpasa alitaje jina, hapa, mbele ya mianzi na jua limetoka, na jina likishatoka kinywani halirudi. Angekutana naye vipi tena kanisani? Angechepuka wapi, wakati amekwisha kukaa ndani ya maumivu yake? Na kuna hili jingine, lililomkereketa kuliko aibu. Mtu yule amesema hataki. Lusungu akiachiwa, atambembeleza mumewe, atamlilia, atamfunga tena akiwa amezimia ikibidi. Yeye mwenyewe Bi Tamali angeweza kusema, huyu ni mgonjwa, hajui anachosema, nimbebe tu kwa wema. Wema! Si ndilo neno alilolitumia mwanawe? Yeye alibebeshwa bila kuulizwa. Akimbeba huyu bila ridhaa yake, yeye na Lusungu watakuwa wametofautiana wapi?

Akainuka. Akausogelea ukuta wa mabanzi, akasimama ubavu ubavu, uso kauelekeza mianzini.

"Lusungu, toka humo ndani. Kaa kule."

"Mama, nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Umeshatusemea vya kutosha."

Akangoja mpaka binti yake alipopita. Akafunga mkanda kiunoni, juu ya gauni safari hii, peupe. Akakohoa.

"Mkwe," akasema. "Nasema na wewe mwenyewe. Mimi niliibiwa neno langu, na wewe uliibiwa la kwako. Aliyetuibia ni mmoja, nitapambana naye baadaye, wewe usijali. Sasa nakuuliza kama nilivyopaswa kuulizwa. Nikubebe?"

Kutoka ndani zikaja pumzi tu, fupi fupi.

"Aibu naijua. Ninayo hapa, imenijaa mpaka kooni. Lakini aibu haikuchomi juu ya nyonga ya kulia. Najua kinachokuchoma. Ukikataa, nitafungasha khanga zangu, nitashuka zangu nyumbani, na sitakunung'unikia hata siku moja. Ukikubali, iwe kwa kinywa chako. Na ulale. Nikisikia randa, navua."

Kisha, kabla ujasiri haujamtoka, akavuta pumzi na kulisema jina kwa sauti iliyofika mpaka kisimani: "Nambeba Obadia Mligo."

Lusungu alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Kijitaa kikageuka kutoka chekundu kuwa cha manjano, kikabaki hapo.

"Jina la mbebaji," ikasema ile sauti kavu, mara mbili, mara moja ndani ya banda na mara moja kiunoni mwa Bi Tamali.

Mama Yulita alipita mbali kule barabarani akiimba wimbo wa kanisani, akapotea. Lusungu akafungua mdomo. Mama yake akamwinulia kidole, akaufunga. Ukungu ulikuwa umekwisha kuinuka wote, na vikombe vya ulanzi vilimeta juu ya mianzi. Bi Tamali akaanza kufikiri jinsi atakavyozikunja khanga zake, ipi chini, ipi juu.

Hakuisikia sauti ya mkwewe ikilitaja jina lake. Pengine alilisema chinichini mno, pengine aliuambia ubao. Aliisikia kiunoni. Juu ya nyonga ya kulia pakawaka, moto ukapanda mbavuni, ukajikunja chini ya bega, mkali kuliko wa jana. Akatafuta gogo kwa mkono, akajishusha juu yake taratibu, na ndani ya banda mtu akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema Bi Tamali, meno yameumana. "Lalia ubavu wa kushoto."